Vya Kufuta: Kimoja

Uyole, Julai, saa nne usiku.
Baridi imepita chini ya mlango bila kubisha hodi.
Nimejifunga blanketi juu ya koti,
nje vimebaki vidole, vya kuchapia.

Kazi yenyewe ni ya mizani.
Wakulima wa Uporoto wamechoshwa na lumbesa,
lile gunia lenye kilemba:
dalali huliita moja,
aliyelibeba huliita moja na nusu.
Sasa kiazi kinapimwa kwa kilo,
namba inarushwa, mkulima anaisoma kwenye simu
kabla lori halijawasha injini.

Programu nimeifungasha ndani ya kontena
na chumvi yake, kuni zake, hata kijiko,
isije ikafika ugenini ikaanza kuazima.
Nimeiwekea kikomo cha kumbukumbu.
Kitakachozidi hakipandi.
Humu nako sitaki lumbesa.

Aliyenitangulia, Ambwene Mwakibete,
alijenga yote kwa mkono.
Alibonyeza hapa, akafungua mlango pale,
akaongeza seva usiku wa mavuno
na asubuhi akasahau kusema.
Ramani ilikuwa kichwani mwake.
Machi tulimzika, mvua ikinyesha,
na ramani tukaizika.

Miezi mitatu nikawa mpelelezi wa marehemu.
Mlango huu aliufungulia nani?
Hii seva aliyoiita "jaribu mbili" inalisha nini?
Niliogopa kuizima.
Nikaizima.
Simu zikalia kutoka Igoma mpaka Ilungu.

Ndipo nikaapa kuandika.
Ukuta wa mtandao ni sentensi. Mlango ni sentensi.
Makontena yawe mawili; moja likianguka
lingine lisimamishwe pasipo kumwamsha mtu.
Sielezi tofali lipangwe vipi, nasema nyumba iweje,
na chombo kinalinganisha maneno yangu na kilichoko huko juu,
kisha kinanisomea hesabu kabla hakijagusa kitu:

*Vya kuongeza: kumi na saba.
Vya kubadili: vinne.
Vya kufuta: kimoja.
Unaridhia? Neno litakalopokelewa ni "ndiyo" tu.*

Kidole kilikwisha kuandika n, d, i.
Chai imepoa, bando limebaki kiduchu,
na kimoja ni kidogo.

Kimoja ni nini?

Nikapanda mstari kwa mstari,
kama anayechambua mchele wa Kyela kwenye ungo,
mpaka nikalikuta jiwe:
hifadhidata.

Mchana nilikuwa nimeisahihisha jina.
Ambwene aliandika "viasi", kama alivyotamka,
nami kwa kupenda unadhifu nikaweka zeta.
Herufi moja!
Chombo, kwa utiifu wake usio na huruma, kikaelewa:
ya zamani ivunjwe, mpya ijengwe,
tupu.

Misimu mitatu ya mizani.
Na mwanzo kabisa, mstari wa kwanza,
gunia la Tusekile wa Tembela, kilo tisini na sita na nusu,
lililoingizwa na Ambwene mwenyewe siku ya majaribio,
na pembeni, kwenye nafasi ya maelezo:
"mama kacheka alipoona namba."

Nikafuta i. Nikafuta d, n.
Nikamrudishia jina lake na kosa lake.
Chini yake nikaongeza agizo:
hii isivunjwe, hata nikiamuru mimi.

Nikauliza upya.
Vya kuongeza: kumi na sita.
Vya kubadili: vinne.
Vya kufuta: sifuri.

Ndiyo.

Saa tano na dakika kumi kontena la kwanza likaitika: hai.
La pili likachelewa kidogo, nikasimama,
nikakaa,
likaitika.

Faili nimeliacha mahali ambapo yeyote ajaye
hatahitaji kumfufua mtu ili aelewe.
Na juu ya jina lile, kwenye mstari
ambao mashine huuruka bila kuusoma, nimeandika:
Viasi. Usisahihishe.